Kistari Mbele ya Namba

Kwa kaka yangu Elisante,

Sitaanza kwa kukuuliza hali kama tulivyofundishwa shuleni, kwa sababu nikiuliza itabidi ningoje jibu, na nimechoka kungoja. Nadhani u mzima. Sisi huku ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, masika imeanza mapema, na mama anakusalimu, ingawa bado hajui kwamba nimeshika kalamu.

Unakumbuka barua zinavyoandikwa nyumbani kwetu. Mmoja anaanza, anaacha nafasi chini, halafu karatasi inakaa mezani chini ya bakuli la chumvi mpaka kila mtu aongeze la kwake. Baba alipokuwa hai aliandika sentensi moja tu, ileile kila barua: "Mimi baba yenu nipo." Mama huwa wa mwisho. Anasoma yote kuanzia juu, anaandika yake, ndipo bahasha inafungwa. Kwa utaratibu huo hakuna siri iliyowahi kutoka nyumbani kwetu kwa njia ya posta.

Ningeweza kwenda Moshi mjini, kwenye ile intaneti kafe ulikokuwa unafanya kazi, nikakuandikia barua pepe ikakufikia leoleo. Lakini barua pepe haina nafasi ya mama kule chini. Kwa hiyo naandika kwa mkono, na bado sijaamua kama bahasha nitaifunga mwenyewe au nitaiacha wazi chini ya bakuli.

Naandikia dukani. Duka la mama ni lilelile, hapa Kwa Sadala, linatazama barabara. Uliondoka dirisha likiwa na wavu, sasa lina nondo, kwa sababu fremu ya duka la jirani iliwahi kuvunjwa. Mteja anasimama nje, mimi niko ndani, sukari na sabuni zinapita katikati ya nondo mbili zilizopanuliwa kidogo. Nimekaa hapa tangu nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Kwanza ilikuwa mpaka majibu yatoke. Majibu yakatoka. Ikawa mpaka majina ya waliochaguliwa yatoke. Yakatoka pia.

Nimechaguliwa, Kaka. Kidato cha tano, shule ya wasichana, mkoa wa Iringa. Barua ya kujiunga inasema anayechelewa zaidi ya wiki mbili, nafasi yake anapewa mwingine. Shule imefunguliwa Jumatatu iliyopita. Sanduku langu la bati liko chini ya kitanda, nimeshalipanga mara tatu na kulipangua.

Mama hajakataa. Angekataa ningejua pa kuanzia, ningelia, ningemwita mchungaji aje aseme naye. Yeye anakubali. Anasema ni jambo jema, niende, ila wewe urudi kwanza. "Hawezi kukaa Krismasi nyingine huko," ananiambia. "Akirudi tu, wewe unaenda. Kama ni hiyo shule, kama ni nyingine, Mungu hakosi." Anasema hivyo huku anakunja shuka la kitanda chako, maana bado analifua, Kaka, kila baada ya majuma mawili, shuka ambalo hakuna aliyelilalia.

Wewe ndiye mtoto wa kiume wa mwisho. Kwetu jambo hilo halina haja ya kuelezwa. Kaka zetu wakubwa walipewa pa kujenga kwingine, na wamejenga. Wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na kihamba chenye migomba na kahawa, na mama. Mimi nimezaliwa baada yako, lakini kwenye hesabu hiyo msichana hahesabiwi. Mimi nimeshikilia nafasi tu. Nimekaa kwenye kiti chako ili kisipate vumbi.

Na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba wewe hutarudi.

Nitakuja kwenye hilo. Kwanza nataka nikukumbushe soko letu, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza ninachotaka kukuambia, na wewe ndiye ulinifundisha.

Ile kompyuta uliileta kwa pikapu iliyotoka kushusha ndizi. Mwenye kafe alikuwa anaitupa. Monita ilikuwa nene kama televisheni ya zamani, umeifunga kwa kitenge cha mama, na wewe umekaa nyuma umeikumbatia kuanzia mjini mpaka juu Machame. Mama aliuliza kama itapika. Baada ya wiki moja aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, ikawa ya kwetu.

Mchezo ulikuja nao kwenye sidii, umenakiliwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Unakuwa mtu mmoja, unatembea kwenye nchi ya kubuni yenye theluji na mapanga na mazimwi, unafanya kazi za watu, unanunua na kuuza. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliogopa mazimwi, kwa hiyo nilikuwa naingia madukani tu, nazungumza na wauzaji. Wewe ulicheka, ukasema nimevuka nchi nzima na upanga mgongoni ili nikanunue mkate.

Kisha siku moja ulitulia, ukasema: "Nchi yote hii hakuna hata ndizi moja."

Ndivyo tulivyoanza modi yetu. Nilikuwa silijui neno hilo. Ukanieleza kwamba mchezo ule ulikuja na chombo cha kuutengenezea, na mtu yeyote anaweza kuongeza sehemu yake ndani ya nchi ya wenyewe: kijiji, njia, watu, maneno. Hiyo sehemu ndiyo modi. Tukaamua kuwapelekea Soko la Kwa Sadala. Mlima hatukuhitaji kuutengeneza, wenyewe walikuwa nao, wenye theluji hasa. Wewe ulichukua vibanda, mfereji na daraja. Mimi ukanipa wauzaji.

Kwanza ulinionyesha sanduku. Nakumbuka nilivyoshtuka. Muuzaji katika mchezo hana kitu mkononi. Bidhaa zake zote ziko kwenye sanduku ambalo mtengenezaji amelificha chini ya ardhi, mahali ambapo mchezaji hafiki. Ukimwambia muuzaji akuonyeshe alichonacho, unachokiona ni cha sandukuni. Ukashusha kamera chini ya sakafu ya soko, na pale kwenye giza lisilo na ukuta wala mlango nikaona masanduku yamepangwa, kila moja limesimama chini ya miguu ya mwenyewe.

Halafu ukaniambia siwezi kuandika bidhaa bila kujua muuzaji wa kweli anafanyaje. Ukanipa daftari, ukanituma sokoni kwa Mama Eliya, yule mama mnene wa ndizi anayekaa karibu na mashine ya kusaga. Wewe ulijua kabisa kwamba mimi nikisimama mbele ya watu nasahau hata jina langu. Nilizunguka kibanda chake mara nne. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, nikabaki nimesimama na daftari.

"Wewe binti wa dukani," akasema, "umekuja kununua au kunihesabu?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema natumwa na kaka yangu kumtafutia mke mwenye ndizi, na mwingine akasema, "Basi anichukue mimi, ninazo mbili." Nilitaka kukimbia. Nafikiri Mama Eliya aliona, kwa sababu alinivutia kreti nikae. Akanieleza kwamba mikungu inaletwa asubuhi na akina mama wa juu, na kwamba yeye haiweki yote mbele. Anaweka mitatu. Ile mizuri ya mshare, ndizi za kupika, anailaza nyuma, ameifunika kwa majani makavu ya migomba.

"Mteja akiona mikungu kumi anajua nina haraka ya kuuza," akasema. "Akiona mitatu, mwenye haraka ni yeye."

Niliandika. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo mpaka ikabidi nirudie mara mbili, ndizi zikiisha anafanyaje.

"Zikiisha naenda nyumbani, mwanangu. Ulitaka nilale hapa?"

Nilipokusomea hilo ulicheka mpaka ukashika meza. Ukasema Mama Eliya wetu hawezi kwenda nyumbani, kwa sababu hatujamtengenezea nyumba.

Kisha ukanifundisha namba. Ulikaa kando yangu, unanukia waya zilizoungua kama kawaida yako, ukafungua sanduku la Mama Eliya, ukaandika "mkungu wa mshare", na mbele yake tano. Ukaniambia: "Ukiandika tano, ziko tano. Mchezaji akinunua zote, zimeisha, hazirudi tena mpaka mwisho wa dunia." Halafu ukarudi nyuma, ukaongeza alama ya kutoa, kile kistari kidogo mbele ya namba. "Sasa haziishi. Anunue, aibe, afanye anavyotaka, akirudi atazikuta tano."

Nilikuuliza kwa nini kutoa, wakati haitoi kitu. Ukasema hujui, waliotengeneza mchezo walihitaji alama wakaikuta hiyo. Mimi nilipenda kile kistari kupita kiasi. Nilikiweka kwa kila mtu. Mama Eliya hakuishiwa ndizi, muuza dagaa hakuishiwa dagaa, fundi wa viatu hakuishiwa soli. Ilikuwa inanipa raha kuona soko ambalo hakuna mtu anayerudishwa bila kitu.

Ndipo nikakosea kwenye kisu.

Wewe ulikuwa umetengeneza kisu cha baba kwa siri. Kile cha kukatia migomba, chenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Ulikichora wewe mwenyewe kwa wiki mbili, mpaka ule mpasuko karibu na ncha, alipogonga jiwe. Ulikiweka kwenye sanduku la mzee muuza vyuma ili mimi nikikute. Baba alikuwa na miezi minane tu tangu tumzike. Na mimi, bila kutazama jina, nikapita sanduku zima nikiweka vistari.

Tulikinunua pamoja, mimi nimeshika kipanya. Nilikitambua kwa ule mpira. Tukatoka sokoni, tukazunguka siku kadhaa za mchezo, tukarudi, na kwa mzee kulikuwa na kisu cha baba. Ukanunua. Tukazunguka, tukarudi, kipo. Mwanzoni tulicheka. Ulinunua kumi na mbili, Kaka, ukavitupa chini mbele ya kibanda, vikalala hapo kwenye vumbi vimefanana, mpasuko uleule, mpira uleule. Kisha hakuna aliyekuwa anacheka. Mvua ilikuwa inapiga bati na mama jikoni anaimba.

Ukachukua kipanya, ukafungua sanduku, ukafuta kile kistari. Ukasema polepole, kana kwamba unazungumza na kompyuta: "Kitu kikiwa kimoja, kiache kiwe kimoja."

Kuna sheria nyingine ambayo niliijua kwa ubishi. Nilitaka kuona ndizi zikirudi. Niliamini nikiwa makini nitaziona zinavyotokea sandukuni. Kwa hiyo nilinunua zote tano, nikamsimamisha mchezaji wangu mbele ya Mama Eliya, nikangoja. Siku za mchezo zilipita, jua likachomoza na kuzama nyuma ya mlima mara nyingi, mimi nimesimama, yeye amesimama, sanduku tupu. Nilikaa mchana mzima wa Jumamosi. Ulipotoka kazini ukanikuta hivyo, ukanipiga konzi.

"Halijai ukiwa umesimama hapo," ukasema. "Mchezo unapanga upya soko mchezaji akiwa hayupo. Lazima uondoke, Ndeshi. Siku tatu angalau. Ondoka, ndiyo urudi."

Wewe uliondoka mwezi wa sita. Ulisema ni mwaka mmoja. Ulisema rafiki yako ana karakana ya kompyuta Afrika Kusini, utafanya kazi, utanunua vyombo, utarudi ufungue ya kwako hapa Kwa Sadala, ubavuni mwa duka la mama. Mama alikukatia nguo, alikufungia ndizi za kuchemsha ambazo ziliharibika hata kabla ya Arusha. Ule mwaka uliisha. Ukaja mwingine.

Ulipiga simu Jumapili. Mama alikuwa kanisani, mimi nimebaki nyumbani na mafua, na simu yake ipo kwenye kabati. Najua ulipanga iwe saa ile. Ulianza kwa kuniuliza habari za shule, kisha nikasikia mtoto mchanga analia karibu nawe. Nikadhani ni wa jirani.

"Ni wa kwangu," ukasema. "Sirudi, Ndeshi. Sio kwamba sitaki. Maisha yangu yameshakuwa huku. Usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe, nipe muda kidogo."

Nilisema sawa. Hata jina la mtoto sikukuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Imepita miezi kumi na minne. Namba uliyopigia haipatikani. Krismasi ulituma kadi yenye picha ya bahari, umeandika mko salama, na mama alilitazama lile neno "mko" kwa muda mrefu, kisha akasema bila shaka ni wewe na rafiki yako.

Mama si mjinga, Kaka. Siku moja tunamenya ndizi za mtori akaniuliza ghafla, bila kuinua uso: "Siku ile kaka yako alipopiga simu, alisema nini?"

Nikamwambia ulisalimia tu.

"Alisalimia tu," akarudia, akaendelea kumenya. Tangu hapo ameniuliza mara nne. Kila mara anauliza kana kwamba ni mara ya kwanza, na kila mara nasema ulisalimia. Anafurahi, na furaha yake inanifungia ndani zaidi. Desemba alinunua rangi akapaka chumba chako. Tulipochinja mbuzi alikutengea fungu lako la nyama, likakaa juu ya moshi mpaka likawa gumu kama ubao, na hakuna aliyethubutu kulila wala kulitupa. Mtu akimuuliza kuhusu mimi anasema nipo nipo tu, namsubiri kaka yangu.

Jumapili iliyopita, baada ya kukata majani ya ng'ombe, nilifunua kitambaa nikawasha kompyuta. Ilichukua muda mrefu kuamka. Nilikuwa sijaingia sokoni kwetu tangu uondoke. Mama Eliya alikuwa pale na mikungu yake mitano. Nikatembea mpaka ng'ambo, kwenye safu ya vibanda ulivyotengeneza mwishoni ukiwa peke yako, na nikaona duka lenye dirisha la wavu. Ndani kulikuwa na msichana. Ulimpa sketi ya shule. Ulimpa nywele fupi kama zangu.

Nilimsogelea nikamsemesha. Akasema: "Karibu. Kaka anarudi sasa hivi."

Nikamsemesha tena. "Karibu. Kaka anarudi sasa hivi." Hana sentensi nyingine. Najua ulikuwa utani. Labda siku ile ulikuwa umetoka kidogo kununua vocha, ukafikiri nitacheka nikikuta. Nilishusha kamera chini ya sakafu, kama ulivyonifundisha, nikafungua sanduku lake. Sukari, kistari. Sabuni, kistari. Mafuta ya taa, kistari. Kila kitu chake hakiishi.

Nilikaa pale mpaka ng'ombe akaanza kulia. Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa naelewa tu, taratibu. Mama anakutazama wewe kama una kistari. Anaamini akisimama mbele ya lile sanduku muda wa kutosha utatokea, uleule, na begi lako. Lakini wewe ni kile kisu. Ulikuwa mmoja, na ulishachukuliwa. Mimi ndiye niliyewekewa kistari. Kila siku natolewa, na asubuhi watu wananikuta nipo vilevile, na hakuna hata mmoja anayeshangaa nimetoka wapi tena. Sijui nani alikiweka. Si wewe peke yako. Nafikiri na mimi nilishika kipanya.

Mhusika asiyepewa njia anasimama palepale siku zote, ulinifundisha hivyo pia. Nikampa njia. Nikaweka alama moja mlangoni mwa duka, nyingine kwa Mama Eliya, nyingine darajani. Nikaingia kutazama. Alitoka, Kaka. Alitembea kwa ule mwendo wao mgumu, akapita ndizi, akapita muuza vyuma, akafika darajani akasimama. Nilimngoja avuke. Kisha nikakumbuka kwamba baada ya daraja hatukutengeneza chochote. Nchi yetu iliishia kwenye mfereji.

Kwa hiyo nimeongeza barabara, kipande kifupi tu cha vumbi na mgomba mmoja pembeni, maana migomba ndiyo ninayoiweza. Vistari vya dukani kwake nimevifuta. Na ile sentensi nimeifuta, sikuandika nyingine. Akisemeshwa sasa, anakutazama, halafu anaendelea na safari yake.

Lakini najua kwamba huo ni mchezo, na wa mchezo hana mama. Ndiyo maana nimekaa hapa tangu saa nne na bado naandika. Wateja wawili wameondoka kwa kudhani nimelala. Naogopa sauti ya mama zaidi ya ninavyoiogopa ile shule ambako simjui mtu hata mmoja. Naogopa kwamba hatasema kitu. Kwamba atainuka, aende chumbani kwako, atoe lile shuka kwenye kitanda na kulikunja kwa mara ya mwisho, na mimi nitasikia kabati likifungwa. Naogopa kumwacha peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vinne. Ningeweza kukungoja wewe useme. Wiki moja nyingine. Na wiki ikipita, nafasi yangu imechukuliwa na msichana mwingine, na hapo nitakuwa na sababu nzuri kabisa ya kubaki hapa, na nitaisema kwa watu miaka yote, nimetulia nyuma ya nondo.

Uliniomba nisimwambie. Nimelishika neno lako miezi kumi na minne, na sidhani kama uliomba zaidi ya hapo. Muda ulioutaka umeisha, Kaka. Hauna kistari.

Duka linaweza kuishiwa sukari siku mbili na watu wakanywa chai kwa ndizi. Nyasi za ng'ombe, binti wa jirani amekubali kukata, nilimuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, ungenisikia usingeamini. Na Mama Eliya, nilipopita jana nikamwambia nimechaguliwa, aliniuliza nangoja nini. Akanipa vidole vitatu vya ndizi kisukari, akaniambia nile njiani.

Sikulaumu kwa kuondoka. Nakuomba kitu kimoja. Mwandikie mama jina la mtoto. Liandike kubwa. Mwambie amefanana na nani. Mama akishajua kwamba ana mjukuu huko, atakuwa na mtu wa kumkunjia nguo ndogo, na labda siku moja atapanda basi yeye mwenyewe, na ndizi zake zitaharibika tena kabla ya Arusha. Hilo mimi siwezi kumpa. Ni lako.

Nimeamua. Leo jioni tunapika mtori. Barua hii nitaiweka mezani, chini ya bakuli la chumvi, bila kuifunga. Sitatoka nje akiisoma. Nitakuwa nimekaa mbele yake namenya ndizi, na akiniuliza kwa mara ya sita ulisema nini siku ile, nitamwambia asome mpaka chini. Kesho kutwa kuna basi la Iringa. Sanduku la bati nimelipanga mara ya nne, safari hii sijalipangua.

Kaa salama kaka yangu, wewe na wa kwako wote. Ukipata barua hii usiniandikie kwa anwani ya duka. Baba alikuwa anaandika kwamba yupo, na kweli alikuwepo. Mimi naandika kweli yangu: dukani sipo.

Mdogo wako,
Ndeshi

Kuanzia hapa chini nimemwachia mama nafasi.